Mtajie Muuzaji Bei Yako Kwanza: Majibu kwa Wanunuzi wa Mvinyo

Barua za safari hii karibu zote zinamhusu mtu mmoja: yule anayesimama kati ya mnunuzi na rafu ya mvinyo. Wengine mnamsifu, wengine mnamlalamikia, na mmoja wenu ndiye muuzaji mwenyewe. Tumezifupisha barua na kuyaondoa majina ya maduka.

Naona aibu kuuliza nikiwa kwenye duka la mvinyo. Nilipojikaza nikaomba ushauri, nilipewa chupa ya bei kubwa kuliko nilivyokusudia, tena ilikuwa chungu hata sikuimaliza. Nitamtofautishaje muuzaji anayenisaidia na yule anayetaka kumaliza mzigo wake?
*Msomaji, Kinondoni, Dar es Salaam*

Mtambue kwa maswali yake. Muuzaji anayeijua kazi hakupi chupa kabla hajakuuliza mambo matatu: una kiasi gani, utainywa na chakula gani au unampelekea nani, na ni mvinyo upi uliwahi kuunywa ukaupenda. Akishapata majibu atakuwekea kaunta chupa mbili au tatu, na angalau moja itakuwa chini ya bei uliyotaja. Hiyo ya chini ndiyo dalili tunayoiamini kuliko zote, kwa sababu hapo anajipunguzia mauzo ili akupate tena mwezi ujao.

Kuna jaribio rahisi. Chukua chupa mbili za bei moja, umwulize ipi ina sukari zaidi na ipi inakausha mdomo zaidi. Akiigeuza chupa asome lebo ya nyuma, usimdharau. Hakuna anayekumbuka rafu nzima. Akikuambia "hii sijaionja, ila ile naijua", huyo mshike. Akisema "zote nzuri tu, dada", shukuru uende kwa mwingine. Mwangalie pia aliyevaa fulana yenye jina la kinywaji, hasa kwenye supamaketi. Mara nyingi huyo ametumwa na msambazaji na kazi yake ni kuuza kinywaji hicho. Ana msaada ukitaka kukijua kinywaji chake, lakini si wa kumwuliza kipi bora kati ya vyote.

Na wewe una sehemu yako. Taja pesa kwa tarakimu, na uitaje mwanzo: "Nina elfu thelathini na tano, nataka nyekundu, nitakula na nyama choma." Ukisema "nataka nzuri isiyo ghali" umemwacha gizani, maana hajui ghali kwako ni kiasi gani. Piga picha ya lebo ya kila chupa unayoipenda, na ya uliyoichukia pia. Picha ya uliyoichukia humsaidia muuzaji vilevile, kwani aina ya zabibu, nchi na asilimia ya kilevi vimeandikwa pale. Usiende Ijumaa jioni wala tarehe za mishahara ukategemea mazungumzo marefu. Jumanne mchana atakuwa na nafasi.

Uchungu ulioupata huenda ulikuwa tanini. Hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na kwenye mapipa ya mwaloni, na hukausha ulimi na fizi kama chai ya rangi iliyoachwa na majani yake mpaka ikapoa. Cabernet Sauvignon changa na Shiraz changa (haya ni majina ya aina za zabibu) huwa nayo nyingi. Mwambie muuzaji "sitaki unaokausha mdomo", naye atakupeleka kwenye Merlot laini, Pinot Noir au Cinsault. Kama ulichokosa ni sukari, soma lebo. Mvinyo mwingi kwenye rafu zetu unatoka Afrika Kusini, na huko neno Dry (mkavu) maana yake sukari haizidi gramu 5 kwa lita, wakati Natural Sweet lazima ipite gramu 20. Watu wengi wanaosema hawapendi mvinyo mwekundu walianzia kwenye mkavu wenye tanini nyingi. Hawakukosea ladha yao. Walipewa chupa isiyo yao.

Duka la mtaani kwetu linauza kupitia wavu wa chuma. Siwezi kushika chupa wala kuzunguka rafu. Nitajuaje ninachonunua ni sawa?
*Msomaji, Kayole, Nairobi*

Mwombe akupitishie chupa kabla hujalipa. Ombi hilo ni la kawaida na muuzaji mwaminifu hulikubali. Anza na stempu ya ushuru ya KRA: ikague kwa programu ya Soma Label kwenye simu, ulinganishe jina la kinywaji linalotokea na lililoko kwenye lebo. (Walioko Tanzania hutumia Hakiki Stempu ya TRA.) Kisha inua chupa kwenye mwanga uone mvinyo umefika wapi. Kwa chupa changa unatakiwa kuwa ndani ya shingo, si chini ya mabega. Pitisha kidole kuzunguka shingo: kukiwa na unata, au kizibo kimechomoza, chupa hiyo ilipata joto na ikavuja.

Halafu mwulize imekaa wapi. Chupa iliyosimama dirishani miezi kadhaa imepigwa na jua na taa, na zinazoumia upesi zaidi ni zile za kioo cheupe, ambazo aghalabu ni rozee na mvinyo mweupe. Iliyokaa juu ya friji iko kwenye joto la mota. Mwombe ya nyuma ya rafu, au ya kwenye katoni. Kama ni mvinyo wa boksi, tafuta tarehe ya kufungashwa. Mfuko wa ndani hupitisha hewa kidogo kidogo hata kabla bomba halijafunguliwa, hivyo uliopita mwaka mmoja tangu ufungashwe uache.

Nilinunua mvinyo mweupe, nikauweka kwenye friji. Kesho yake nikakuta chembe kama sukari au vioo chini ya chupa. Niliurudisha, muuzaji akakataa. Je, sina haki?
*Msomaji, Tanga*

Kwa hili muuzaji yuko sahihi, ingawa alipaswa kukueleza. Hizo ni chembe za asidi ya zabibu yenyewe. Asidi hiyo ikikutana na potasiamu kwenye baridi hujiunda fuwele na kutua chini, au kunata kwenye kizibo. Hazidhuru. Viwanda vikubwa huupooza mvinyo kwa baridi kali kabla ya kuujaza ili fuwele zitoke mapema, na wengine hawafanyi hivyo. Mimina taratibu, acha mvinyo wa kimo cha kidole kimoja ubaki chini ya chupa pamoja na chembe hizo.

Ila zipo kasoro zinazostahili kurudishiwa chupa au pesa, na ni vizuri mnunuzi na muuzaji wazijue kwa majina. Ya kwanza ni ugonjwa wa kizibo. Mvinyo unanuka boksi lililoloa au kitambaa cha deki kilichokaa na unyevu, na harufu ya matunda imetoweka. Chanzo ni kemikali iitwayo TCA, ambayo kwa kawaida huanzia kwenye kizibo cha gome la mti. Haina madhara mwilini, ila mvinyo umeshakufa. Ukiuacha kwenye glasi dakika kumi harufu huzidi. Vifuniko vya kuzungusha karibu havina tatizo hili.

Ya pili ni joto na hewa. Mweupe umegeuka kuelekea kahawia, mwekundu umekuwa rangi ya tofali, na harufu ni ya matunda yaliyopikwa. Hapa muuzaji ana haki ya kukuuliza wewe uliiweka wapi, kwa sababu gari lililofungwa vioo juani saa sita mchana linaweza kupita nyuzi 50, na saa chache humo zinatosha kuharibu chupa nzima iliyotoka dukani. Ya tatu ni harufu ya siki au ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Ya nne ni mvinyo usiotakiwa kuwa na mapovu kuonekana unachemka na kuwa na ukungu, maana yake chachu imeanza kazi upya ndani ya chupa. Tupovu tuchache kwenye mweupe mchanga mkavu ni jambo jingine. Mara nyingi ni hewa ya kaboni iliyoachwa makusudi.

Harufu ya kibiriti kilichowashwa mara nyingi huondoka ukiutia mvinyo kwenye jagi kwa robo saa, basi subiri kwanza. Na "sikuupenda" si kasoro.

Ukiwa na uhakika, acha kunywa kwenye glasi ile ya kwanza. Rudisha kizibo, weka chupa kwenye friji, irudishe ndani ya siku mbili au tatu ikiwa na angalau theluthi mbili za mvinyo na risiti ya EFD. Kiasi kina maana yake: duka lenyewe linahitaji mvinyo wa kumwonyesha msambazaji ili nalo lifidiwe. Ukileta chupa tupu umemfunga mikono hata anayetaka kukusaidia. Mwache anuse mwenyewe kabla hujamwambia umesikia harufu gani.

Shikamooni. Mimi ni mjumbe wa kamati ya sendofu ya mpwa wangu, watu 200. Tuagize chupa ngapi, na duka linaweza kutusaidia kwa lipi zaidi ya kutuuzia?
*Msomaji, Moshi*

Marahaba, na hongereni kwa shughuli. Msihesabu kwa watu 200, hesabuni kwa wanywaji wa mvinyo. Tuseme wako 60, wengine wana bia na soda. Kwa shughuli ya saa nne au tano wekeni glasi tatu kwa mtu, glasi 180. Glasi moja ni mililita 150, na chupa ya mililita 750 inatoa tano. Hapo mnahitaji chupa 36, yaani katoni sita za chupa sita sita. Kwa sherehe za kwetu tungepanga katoni tatu za nyekundu yenye utamu wa kiasi, mbili nyeupe, na moja tu nyekundu kavu kwa wanaoijua. Mkichukua maboksi ya lita 5, kila moja ni glasi 33, basi sita yanawatosha. Yamimineni kwenye majagi kabla ya kupita mezani.

Ya kugongeana glasi, yaani shampeni, ihesabuni kando. Hapo hamjazi glasi. Mililita 90 zinatosha, na chupa inatoa nane. Watu 200 ni chupa 25. Kama 80 hawatumii kilevi, chupa 10 kati ya hizo ziwe juisi ya zabibu yenye mapovu, na ziwe na rangi tofauti ya karatasi shingoni ili wahudumu wasichanganye.

Sasa duka. Kabla ya kulipia katoni, nunueni chupa moja ya kila aina mkaionje kama kamati, kisha ombeni katoni zote ziwe za toleo lilelile. Namba ya toleo huchapwa kwenye kioo au lebo ya nyuma. Halafu andikeni na duka makubaliano ya chupa zitakazorudishwa bila kufunguliwa: ngapi, mwisho siku gani, na ziwe katika hali ipi. Maduka mengi yanayozoea sherehe yanakubali, lakini hayapokei chupa iliyobanduka lebo. Na lebo hubandukia kwenye maji ya barafu. Msitumbukize katoni zote kwa pamoja. Poozeni kumi na mbili, zikifika nusu muongeze nyingine. Katika hilo kamati nyingi hupoteza pesa bila kujua.

Pipa la kupoozea liwe nusu barafu nusu maji. Barafu tupu huacha nafasi za hewa kati ya vipande na hukawia, wakati mchanganyiko huo hushusha chupa hadi baridi ya kunyweka kwa dakika 20 hadi 30. Kiganja cha chumvi huharakisha. Ulizeni pia kama duka linaazima glasi, linadai kiasi gani kwa inayovunjika, na litapeleka mzigo saa ngapi. Mkipelekewa saa nne asubuhi ukumbi ukiwa wa bati na shughuli ni jioni, mvinyo utashinda kwenye joto.

Shampeni ya vuguvugu humwagika nusu ikifunguliwa, kwa hiyo hiyo ipoozwe kwanza, kati ya nyuzi 6 na 8. Anayefungua aweke kidole gumba juu ya kizibo, azungushe kitanzi cha waya nusu mizunguko sita, kisha ashike kizibo imara na azungushe chupa, si kizibo, akiwa ameilaza nyuzi 45 mbali na nyuso za watu. Ndani kuna mgandamizo wa angahewa 5 hadi 6, na kizibo kikiruka hovyo kinaweza kumpofua mtu. MC akitaka kuitikisa, mpeni ile ya juisi aende nayo nje.

Kwa nini nikiomba ushauri Dar, wauzaji hawanitajii mvinyo wa Dodoma?
*Msomaji, Mbezi*

Wengi waliujua kupitia ule mtamu ulioongezewa pombe, wakadhani ndio wote. Hapo wauzaji wana deni. Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, ni kavu, na mzabibu huko huvunwa mara mbili kwa mwaka: karibu Februari na Machi, tena Agosti na Septemba. Kituo cha utafiti cha Makutupora, kaskazini mwa jiji, ndicho kilichoipa jina zabibu nyekundu ya Makutupora Red, na Chenin Blanc, zabibu nyeupe, imestawi vizuri pia.

Ukiwa dukani uliza mambo mawili. Kwanza, ni mkavu au umeongezewa sukari na pombe? Asilimia ya kilevi itakusaidia: wa kawaida huwa karibu 11 hadi 14, ulioongezewa pombe hupanda hadi 16 na zaidi. Pili, ulijazwa lini? Lebo nyingi za Dodoma hazina mwaka wa mavuno, na kwa mvinyo mweupe usiokusudiwa kukaa, uchanga ni kila kitu. Chenin Blanc kavu ya Dodoma ikiwa baridi, mezani kukiwa na samaki wa kupaka, haihitaji kuombewa radhi. Nazi ni nzito, na uchachu wa Chenin unaikata. Tungependa kila muuzaji wa Dar awe na chupa hiyo kwenye friji, si rafuni tu.

Nina wageni wasiotumia kilevi kwa sababu za dini. Muuzaji ameniuzia "mvinyo usio na kilevi". Ni sawa?
*Msomaji, Mjini Magharibi, Zanzibar*

Usiwape kabla hujasoma lebo. Vinywaji vingi vya namna hiyo ni mvinyo kamili uliochachushwa, kisha kilevi kikatolewa, na huweza kubaki hadi asilimia 0.5. Hata ulioandikwa 0.0 unaweza kuwa umepitia njia hiyo. Mwulize muuzaji: kilichachushwa kwanza? Asipojua, nunua juisi ya zabibu yenye mapovu ambayo haikuchachushwa kabisa, na umwonyeshe mgeni chupa aamue mwenyewe.

Parokia yetu imeishiwa divai. Naweza kununua yoyote nyekundu dukani?
*Msomaji, Songea*

Hapana, mwulize paroko kwanza, kwani majimbo mengi yana divai yaliyoiidhinisha. Kanuni ya 924 ya Sheria ya Kanisa inataka divai ya asili, ya tunda la mzabibu, isiyoharibika. Hivyo divai ya rozela, nanasi au ndizi haifai, wala ile iliyotiwa ladha. Si lazima iwe nyekundu. Muuzaji akikuambia "hii ndiyo wanayochukua mapadre", mwombe akuonyeshe lebo hata hivyo.

Mimi nauza kwenye duka la mvinyo. Nikimkaribisha mteja na "nikusaidie?", ananijibu "natazama tu" na kutoka mikono mitupu. Sijasomea mvinyo. Nianzie wapi ili niwe wa msaada kweli?
*Msomaji, Arusha*

Barua yako imetufurahisha kuliko zote. Badilisha swali. "Nikusaidie?" hujibiwa "hapana" kwa mazoea. Msalimie, mwache dakika mbili, kisha uliza jambo lenye jibu: "Leo mnakula nini?" au "Ni ya nyumbani au ya zawadi?" Akishajibu hilo la chakula, hilo la pesa litafuata bila aibu. Akitaja bei, usiguse chupa iliyozidi hapo isipokuwa umemwambia wazi kwamba imezidi na kwa kiasi gani.

Hujasomea, sawa, lakini ulimi wako unaweza kufundishwa wiki hii kwa gharama ya chupa moja ya mvinyo mweupe mkavu. Chukua glasi mbili, mimina mililita 200 kwenye kila moja. Ya kwanza iache ilivyo. Ya pili tia kijiko cha chai kimoja cha sukari kisichofura, kama gramu 4, ukoroge. Umeongeza gramu 20 kwa lita, na hapo ndipo lebo za Afrika Kusini zinapoanza kuruhusiwa kuitwa Natural Sweet. Onja zote, mara kadhaa, huku na huko. Kisha chukua maji, tia matone ya ndimu: mate yanavyojaa pembeni mwa ulimi ndiyo asidi. Kunywa chai ya rangi kali isiyo na sukari: ukavu kwenye fizi ndio tanini. Ukiweza kuvitenga vitatu hivyo umepita wauzaji wengi. Baadaye, ukipata mfadhili, kozi ya Ngazi ya 1 ya WSET, taasisi ya mafunzo ya mvinyo iliyoanzishwa London mwaka 1969, ni ya siku moja na itakupa mpangilio.

Zoea kueleza kwa maneno ya mezani. "Una mwili, una muundo" hayamwambii mteja kitu. "Huu hauna sukari, unachachuka kidogo, utafaa na kachumbari" yanamwambia. Jifunze chakula cha hapa kabla ya jibini za Ufaransa. Nyama choma yenye mafuta na chumvi hulainisha tanini, kwa hiyo ndipo pa Cabernet, Shiraz na Pinotage. Penye ndimu na kachumbari weka Sauvignon Blanc. Mishkaki yenye pilipili nyingi ndiyo mtego: kilevi kingi na tanini huongeza moto wa pilipili mdomoni, na mteja atadhani mvinyo ni mbaya. Mpe mweupe au rozee yenye utamu kidogo, kilevi kisichozidi 12, na iwe baridi sana. Na nyekundu usimwache mteja ainywe "kwa joto la chumbani", maana chumba cha Dar ni nyuzi 30. Nyuzi 16 hadi 18 ndizo zake. Saa moja au zaidi kwenye friji kabla ya kufungua itamsaidia.

Omba bosi wako akuruhusu chupa moja ya kuonjesha kila Jumamosi. Ukimimina mililita 30 unapata vionjo 25. Andika tarehe ya kufunguliwa kwenye lebo kwa kalamu ya wino mzito. Nyeupe na nyekundu iliyorudishiwa kifuniko na kuwekwa kwenye friji hukaa siku tatu hadi tano; ya mapovu mwisho kesho kutwa, tena kwa kifuniko chake maalumu. Onja mwenyewe kila asubuhi kabla hujampa mtu. Kionjo kibovu kinafukuza kuliko kutokuonjesha.

Mzigo mpya upange nyuma, wa zamani mbele. Chupa za kizibo cha gome zilaze, maana kizibo kikikauka hewa inaingia. Za kifuniko cha kuzungusha zisimame tu. Weka kipimajoto cha bei ndogo rafuni. Kikisoma zaidi ya nyuzi 25 siku nyingi mfululizo, mwonyeshe mwenye duka namba zenyewe, kwa sababu hoja ya namba inamfanya anunue feni au kiyoyozi upesi kuliko malalamiko. Za bei kubwa zishushe rafu ya chini, huko ndiko kwenye ubaridi.

Weka daftari. Mteja akirudi, mwulize ile ya juzi ilikuwaje na uandike jibu lake kwa maneno yake mwenyewe. Baada ya miezi michache utajua kwamba yule mama wa Jumamosi akisema "laini" anamaanisha tanini ndogo, na kijana wa benki akisema "laini" anamaanisha sukari. Hilo halimo kwenye kozi yoyote. Na aliye chini ya miaka 18, au aliyekwisha kulewa, mkatalie kwa adabu, hata kama duka halijauza kitu siku hiyo.

Naishi Ujerumani. Duka la mvinyo la hapa lina wauzaji wanaojua sana, lakini lebo zinanishinda, na naogopa kuwapotezea muda. Napenda mvinyo wenye utamu kidogo.
*Msomaji, Stuttgart*

Hutawapotezea. Kuonjesha na kueleza ni sehemu ya kazi yao, na maduka mengi ya aina hiyo huwa na chupa zilizofunguliwa kwa ajili hiyo. Tafuta maneno haya kwenye lebo: *trocken* ni mkavu, sukari hadi gramu 9 kwa lita, *halbtrocken* hadi 18, *lieblich* hadi 45, juu ya hapo ni *süß*. Wewe anzia *halbtrocken* au *lieblich*. *Kabinett* na *Spätlese* husema zabibu zilikuwa zimeiva kiasi gani siku ya kuvunwa, hazikuambii sukari iliyobaki. Lebo isipotaja, angalia kilevi: Riesling (mvinyo mweupe wa zabibu ya jina hilo) ya asilimia 8 au 9 karibu hakika ina utamu, ya 12 na zaidi huenda ni kavu, kwa sababu sukari imegeuka kilevi.

Uko Württemberg, eneo la mvinyo la Stuttgart, basi usiondoke bila kuuliza Trollinger, nyekundu nyepesi ya huko yenye tanini ndogo, ambayo hunywewa ikiwa imepoozwa kidogo. Lemberger ni nzito na nyeusi zaidi. Vyama vya ushirika vya wakulima wa zabibu katika vijiji vya jirani vina kaunta zao za kuuzia, na mara nyingi bei ni nafuu. Ukifika, taja bajeti yako, sema unataka *halbtrocken*, uulize chupa ipi imefunguliwa leo.